Safari ya Kuirudisha Baiskeli Ng'ambo ya Mbaka

Wengi wenu mmetuuliza kwa nini sisi watatu, ambao zamani mlituona kila Jumamosi tukiteremka kwa mbio katika barabara kuu ya lami, sasa hatuonekani huko tena, bali twaonekana tukizisukuma baiskeli zetu katika vilima vya Masoko, au tukizifuta matope penye kijito. Wengine wamesema kwamba tumezeeka, na wengine kwamba tumeingiwa na woga. Basi tumeona yafaa tuandike mambo haya yalivyokuwa, tusifiche neno, ingawa habari yenyewe si ya kutuletea sifa.

Zamani tulikuwa wanne. Mmoja wetu ni mwalimu wa shule, mmoja ni fundi cherehani hapa Tukuyu, na mmoja analima chai upande wa Katumba. Wa nne alikuwa ndugu yetu ambaye jina lake hatutalitaja, kwa kuwa mama yake yu hai, nasi hatukumwomba ruhusa ya kulitaja. Alikuwa mrefu kutupita sote, mpole wa maneno, na kwao ni ng'ambo ya mto Mbaka, penye migomba na mikakao.

Kwa ajili ya wasomaji walio mbali, yatupasa kueleza kwanza jinsi nchi yetu ilivyo. Mji wa Tukuyu uko juu, karibu mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Kaskazini yetu umesimama mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, na kusini nchi yashuka hata ziwa Nyasa, ambalo liko chini ya mita 500. Kati ya mlima na ziwa maji hayatulii. Kiwira, Mbaka na Lufilyo, pamoja na vijito vingi visivyohesabika, vyote vyakimbilia ziwani, na kila mto umejichimbia bonde lake. Kwa hiyo migongo ya nchi imelala mithili ya vidole vya mkono ulionyoshwa kuelekea ziwani. Mtu afuataye mgongo mmoja huenda kwa raha. Lakini mtu atakaye kuvuka kutoka mgongo huu hata ule, hana budi kushuka mpaka mtoni, apite daraja, kisha apande tena kwa jasho. Ndiyo sababu wazee wetu walisema maneno machache wakiwa njiani, maana pumzi ilihitajiwa kwa kazi nyingine.

Barabara kuu ya lami yatoka Uyole, yapanda milima ya Uporoto, yapita Isongole, Kiwira na Tukuyu, kisha yateremka hata Kasumulu penye mto Songwe, ulio mpaka wetu na nchi ya Malawi. Malori hupita humo mchana na usiku, yakiwa na mizigo ya nchi mbili. Barabara hiyo ni laini, nayo ina miteremko mirefu ambayo mwenye baiskeli huenda bila kukanyaga pedali. Sisi tuliipenda sana. Tulipanda mpaka Isongole polepole, tukanywa chai, kisha tukageuka na kuziachilia baiskeli ziende. Upepo ulitutoa machozi, na tuliona kwamba huo ndio uanaume.

Ndugu yetu hakuwa na furaha katika jambo hili. Mara nyingi alituambia, "Jamani, twendeni kwetu siku moja. Tushuke Masoko, tuvuke Mbaka, tuzunguke kwa Lwangwa, turudi kwa Katumba. Magari huko ni machache, na mama atatupikia." Nasi tulimjibu kwamba njia ile ni ya mawe na vumbi, kwamba tutatumia siku nzima, na kwamba baiskeli zetu hazikununuliwa ili zivunjike mashimoni. Yeye hakugombana nasi.

Tena yeye ndiye aliyetusomea katika simu yake habari za watu wa nchi nyingine wanaoipenda njia ya namna hii. Huko Marekani, katika jimbo la Kansas, tangu mwaka 2006 watu wamekuwa wakishindana kwa baiskeli katika barabara za changarawe, mwendo wa karibu kilomita 320 kwa siku moja. Na jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 2021 mashindano ya siku nne katika nchi ya Maasai Mara, na wapanda baiskeli wa Kenya, Uganda na Rwanda walishindana na wageni kutoka Ulaya. Viwanda vya nje siku hizi huunda baiskeli maalumu kwa ajili hiyo, zenye tairi pana kidogo na usukani uliopinda. Ndugu yetu alipokwisha kutusomea alicheka, akasema, "Wenzetu hulipa nauli ya ndege waende wakaitafute njia ya vumbi, nasi tunayo mlangoni." Tulicheka pamoja naye, lakini Jumamosi iliyofuata tukaenda Isongole kama kawaida.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, mwaka 2023. Asubuhi ile alituomba tena, nasi tukamwambia, "Juma lijalo." Tukapanda. Wakati wa kuteremka, lori moja lilitaka kulipita jingine penye kona. Mwenzetu alikuwa nyuma yetu, kwa maana hakupenda mbio. Waliokuwapo walituambia baadaye kwamba alijitenga pembeni ili kulipisha lori, na gurudumu lake la mbele likatoka nje ya lami. Nao ukingo mahali pale ulikuwa umeliwa na maji ya mvua, hata kuwa kama ngazi. Akaanguka. Sisi hatukuona kitu. Tulikuwa mbele, tukishindana nani atafika Kiwira kwanza. Tulipofika tulimngoja karibu nusu saa, tukimtania kwa maneno ingawa hakuwapo kuyasikia. Kisha akaja kijana wa bodaboda, akatuuliza kama sisi ndio wenzake mtu mrefu mwenye baiskeli ya kijani.

Alifariki kabla ya jua kutua.

Tulikwenda mazikoni kwa gari, pamoja na watu wengi, tukatoa rambirambi, tukarudi siku ile ile. Mama yake hatukusema naye ila maneno ya desturi. Baada ya askari kumaliza kazi yao, baiskeli ikaletwa kwa fundi cherehani, ikawekwa nyuma ya duka, imefunikwa gunia. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda na spoku nyingi zimekatika. Fundi cherehani akaiuza baiskeli yake mwenyewe, akasema hataki tena mchezo huo. Sisi wawili tuliobaki nasi tuliacha. Mwaka ukapita. Kila mara mmoja wetu alisema, "Yafaa tuipeleke kwa mama," na mwingine alijibu, "Naam, yafaa," na hakuna aliyeondoka. Wahenga walisema kwamba majuto ni mjukuu, nasi tuliona kuwa mjukuu huyo hukua upesi.

Mwezi wa Septemba, mwaka 2024, mwalimu alikuja dukani siku ya Alhamisi, akaliondoa gunia bila kusema, akaichukua baiskeli kwa fundi baiskeli wa sokoni. Fundi akanyosha rimu, akatia spoku mpya, akabadili mipira ya breki na waya, akapaka mnyororo mafuta. Kisha tukapatana: Jumamosi tutaipeleka kwao, wala hatutaipakia katika gari. Tutaipanda, nasi tutakwenda kwa njia ile aliyoitaka yeye.

Tuliondoka Tukuyu kabla ya jua kuchomoza, ukungu ukiwa mzito. Wawili wetu tulikuwa na baiskeli zetu, na fundi cherehani alipanda ile ya marehemu. Kiti chake kilikuwa juu mno, kwa sababu ya urefu wa mwenyewe, na miguu ya fundi ilifika pedali kwa shida. Tulikuwa na spana mfukoni, na kazi ya kukishusha kiti haikuzidi dakika moja. Lakini hakuna aliyeitoa spana. Tuliipanda kwa zamu namna hiyo hiyo, tukiyumba kama watoto wanaojifunza.

Njia ya kwenda Masoko yashuka karibu muda wote. Kutoka mita 1,600 za Tukuyu mtu hufika penye ziwa la Masoko, ambalo wengine huliita Kisiba, lililo karibu mita 840. Basi kwa asubuhi moja ameshuka zaidi ya mita 700, na hali ya hewa imebadilika mbele ya uso wake. Juu aliacha chai na baridi. Chini anakuta joto, migomba mirefu, miembe, na kuku walalao katikati ya njia bila hofu. Udongo wenyewe una habari zake. Nchi hii yote imezaliwa na moto. Wataalamu wa miamba wamesema kwamba mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu miaka 4,000 hivi iliyopita, ukamwaga mawe mepesi, ya namna ile yaeleayo majini. Na mlima Kiejo, ulio jirani yake, ulitoa mto wa mawe ya moto karibu mwaka 1800, wakati wa mababu wa babu zetu. Kwa hiyo mahali penye ngeu iliyokatwa kando ya barabara twaweza kuona tabaka juu ya tabaka, jeusi, jekundu na la kijivu. Na changarawe hizo ndizo zinazolia chini ya tairi.

Mwendo huu ulitufundisha mambo ambayo lami haikutufundisha. Kwanza, mikono huchoka kabla ya miguu, kwa kushika breki. Tulijifunza kuzishika zote mbili kwa upole, na kuziachilia kidogo kidogo, maana mtu akibana ile ya mbele peke yake juu ya changarawe, gurudumu huteleza, naye huruka mbele ya usukani. Pili, tairi iliyojazwa upepo hata ikawa ngumu kama jiwe hurukaruka na kumwangusha mtu. Yafaa ipunguzwe kidogo. Tatu, si aibu kushuka na kwenda kwa miguu. Katika barabara ya lami tulimcheka mtu aliyeshuka kwenye baiskeli. Hapa tulishuka sisi wenyewe, mara nyingi, wala hakuna aliyetucheka ila watoto, nao walitusaidia kusukuma.

Tangu Tukuyu hata Masoko tulipitwa na gari moja tu, nalo lilikuwa limebeba mikungu ya ndizi. Bodaboda zilikuwapo, tusiseme uongo. Lakini zilisikika kutoka mbali, nasi tulipata wakati wa kujitenga. Mahali pengine palikuwa kimya hata tukasikia mnyororo wa mwenzetu aliye nyuma. Katika kimya hicho tuliona jambo moja. Katika barabara kuu hatukuwahi kumsalimu mtu, kwa kuwa tulimpita kabla salamu haijatoka kinywani. Hapa kila aliyekutana nasi alisimama. Mama mwenye mzigo kichwani alisimama, wazee waliokuwa wakienda msibani walisimama, nasi ilitupasa kusimama, kuinama kidogo, na kusema "Mugonile," tukajibiwa kama ipasavyo, tukaulizwa tumetoka wapi na twaenda kwa nani. Na kila mara tulipotaja jina la yule mama wa ng'ambo ya Mbaka, waliitazama baiskeli ya kijani, wakanyamaza kidogo, wakasema, "Nendeni."

Tulipumzika penye ziwa. Maji yake yako ndani ya shimo la volkano ya zamani, yamezungukwa na kingo zenye miti, na kina chake chafika karibu mita 38. Wazee husimulia kwamba zamani za vita ya kwanza ya dunia Wajerumani walitupa fedha zao humo wasizipate adui. Wataalamu nao wametoa matope kutoka chini ya ziwa, ili wasome ndani yake habari za mvua na ukame wa maelfu ya miaka. Sisi tulikaa ukingoni tukala viazi tulivyochukua, wala hatukusema mengi. Mwalimu alisema tu, "Kumbe si mbali." Kwa kweli haikuwa mbali. Kutoka Tukuyu mpaka pale ni mwendo wa saa mbili kwa baiskeli, pamoja na kusimama kote. Safari tuliyomnyima miaka mitatu ilikuwa ya asubuhi moja.

Baada ya ziwa njia ilizidi kuwa mbaya. Mteremko wa kwenda Mbaka una mawe yaliyolegea, makubwa kama ngumi, na mfereji wa maji ya mvua umeichora njia toka upande huu hata ule. Mkulima wa chai alianguka hapo, akachubuka kiwiko, na mwalimu alitoboka tairi. Tukakaa kivulini, tukatoa mpira wa ndani, tukautia majini kijitoni ili tuone mapovu, tukabandika kiraka. Katika muda huo walipita watu wengi, na hakuna aliyepita bila kusema pole. Mzee mmoja aliketi pamoja nasi mpaka kiraka kikashika, ingawa hakuwa na kazi nasi. Kisha tukafika mtoni. Mbaka ulikuwa na maji machache kwa ajili ya kiangazi, meupe juu ya mawe, na wanawake walikuwa wakifua. Tukavuka daraja, tukapanda ng'ambo kwa miguu, mikono ikisukuma usukani, jua likiwa juu ya vichwa vyetu.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba akianika kakao. Alipotuona hakushangaa, habari zilikuwa zimetutangulia, kama kawaida ya njia ile. Tukamsalimu, naye akaitikia "Ndaga," akatuletea viti. Hakuitazama baiskeli kwanza. Alituuliza, "Wanangu, mmekuja kwa njia ipi?"

Tukamwambia, "Kwa Masoko, mama. Tumevuka hapa chini."

Akanyamaza, kisha akasema, "Alikuwa akiniambia. Kila alipokuja nilimwuliza, wenzako mbona huwaleti? Naye alinijibu, wenzangu hawapendi njia ya kwetu."

Ndugu wasomaji, tulikuwa tumetumaini kwamba hakujua. Katika mwaka ule wote, hilo ndilo lililotuzuia kwenda kwake. Tulijiambia kwamba twaona aibu kwa sababu tumechelewa, kumbe twaona aibu kwa sababu nyingine. Ndipo mwalimu, aliye mkubwa wetu, akasimama akamwambia yote: kwamba asubuhi ile alituomba, kwamba tulimwambia juma lijalo, kwamba sisi tulikuwa mbele tukishindana, na kwamba tulikuwa tukicheka alipokuwa amelala barabarani. Alisema bila kupunguza neno, nasi wawili tulitazama chini.

Mama hakujibu. Aliinuka akaingia ndani, akakaa muda mrefu. Tuliona labda amekwisha kutuaga kwa njia hiyo, tukaanza kuulizana kwa macho kama tuondoke. Kisha akatoka na ndizi zilizopikwa, na maziwa, akaviweka mbele yetu, akasema, "Kuleni. Mmetembea." Hakusema kwamba ametusamehe, wala kwamba hakutusamehe, nasi hatukuthubutu kumwuliza. Tulikula.

Tulipokwisha kula alikwenda penye baiskeli. Aligusa usukani, akagusa kiti, akapima kwa mkono urefu wake kutoka chini. Akageuka kumtazama fundi cherehani, aliye mfupi kuliko sisi wote.

"Hamkukishusha kiti," akasema.

"Hatukukishusha, mama."

Akatikisa kichwa polepole. Halafu akasema, "Iwekeni chini ya ukingo wa paa, isinyeshewe." Tukaiweka. Anao mjukuu wa kiume ambaye miguu yake bado haifiki pedali. Kama atampa yeye, au kama itakaa hapo siku zote, ni shauri lake.

Kurudi kulikuwa kazi. Baiskeli zilikuwa mbili na watu watatu. Bodaboda zilikuwapo, na fundi cherehani angeweza kupanda moja akafika mapema. Lakini alikataa, nasi tulikataa kumwacha. Tulikwenda kwa miguu wote watatu, tukisukuma, kutoka Mbaka hata Masoko, na kutoka Masoko hata Tukuyu, ile mita 700 na zaidi tuliyoiteremka asubuhi. Tulifika usiku.

Tangu hapo Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi twashika njia hiyo, na fundi cherehani amenunua baiskeli nyingine, yenye kiti kinachomfaa. Mama hatujaacha kumwona. Tena tumejifunza njia nyingine. Upande wa magharibi twafuata barabara za udongo mpaka mto Kiwira, karibu na chuo cha Magereza, palipo Daraja la Mungu, yaani jiwe la asili lililolala juu ya mto toka ukingo hata ukingo. Na karibu yake ni Kijungu, mahali ambapo maji huzunguka kama katika chungu na kuzama chini ya mwamba. Upande wa mashariki twapanda Mwakaleli, chini ya milima ya Livingstone, kati ya mashamba ya chai na viazi. Kutoka njia hizo twaona msitu wa Rungwe, ambamo mwaka 2003 wataalamu walimtambua nyani wa kipunji, ambaye wawindaji wetu walikuwa wakimjua tangu zamani.

Kwa wale watakaotaka kutufuata, twawapa maneno machache. Chagueni kiangazi, hasa kutoka Juni hata Oktoba. Tukuyu hupata mvua ipitayo milimita 2,000 kwa mwaka, na Dodoma haifiki 600. Basi katika masika udongo wetu mwekundu hushika gurudumu hata lisizunguke, na madaraja madogo huchukuliwa na maji. Chukueni pampu, viraka, mpira wa ndani mmoja wa akiba, na spana. Kagueni breki kabla ya kuondoka, wala si penye mteremko. Kunyweni maji yaliyochemshwa. Msipite msiba bila kushuka, wala shamba la mtu bila kuomba. Na msikawie kwenda, kwa kuwa njia hizi hazitakaa hivi daima: barabara ya Katumba hata Lwangwa na Mbambo yatiwa lami kipande kwa kipande, jambo ambalo ni neema kwa wagonjwa na kwa wenye mazao, nasi hatulilalamikii, ila penye lami mbio hufuata.

Wala msidhani kwamba njia ya udongo haina ajali. Suleiman Kangangi wa Kenya, aliyekuwa kiongozi wa kikosi cha wapanda baiskeli kiitwacho Amani, alifariki mwezi wa Agosti mwaka 2022 katika mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani. Na yeye alikuwa stadi kutupita sisi mara mia. Kwa hiyo hatusemi kwamba ndugu yetu angaliishi daima kama tungalimfuata. Hilo hatulijui. Tunalojua ni kwamba siku ile kulikuwa na njia mbili, na mmoja wetu aliiomba ile ya polepole, ya kwao, penye mama yake; nasi tulimnyima kwa sababu ya haraka tuliyoiita uanaume.

Basi, kama katika nyumba yako yuko mtu ambaye kila mara akuomba, "Twende kwetu siku moja," nawe wamjibu, "Juma lijalo," twakusihi uitazame kalenda yako leo.

Sisi ndugu zenu watatu,
Tukuyu.